Bango Chini ya Genge

Nambari 9, Chapel Row,
Kilnsby,
Yorkshire,
Uingereza.

11 Mei, 1983

Mpendwa dada Beryl,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za ndugu yetu Nora, ambaye amekaa mkabala nami anamenya viazi na kuniuliza kila baada ya kiazi nimefika wapi. Mguu unaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza ngazi, nikacheka peke yangu, maana wewe ukikatazwa kitu ndipo unapokumbuka kukifanya. Colin na mkewe hawajambo? Na wale wajukuu wawili, meno yameota yote? Huko Hobart nadhani baridi imeanza kubisha hodi, basi jifunikeni. Sisi huku tumeuvuka msimu wa baridi tukiwa wazima. Nyonga yangu hulalamika mvua inapokaribia, na Nora amepungua mwili, lakini tunakula na tunalala, hatuna budi kushukuru.

Barua yako ilitufikia wiki iliyopita, nikaisoma kwa sauti mara mbili. Habari ya kwamba wewe na wajukuu mnakuja mwezi wa saba imetuamsha. Umeniuliza Kilnsby kuna nini siku hizi cha kuona na kufanya, watoto wasije wakachoka siku ya pili tu na kudai warudishwe London. Umeuliza pia kama mfikie hotelini kwa Leonard, mume wa Nora, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, na kwa nini barua za Nora sasa zinatoka kwangu. Yote nitakujibu. Niache nianze na hayo mepesi.

Kwanza usitegemee kuukuta mji uliouacha. Reli waliing'oa zamani, kwa hiyo mtashuka treni Hull na kupanda basi linalosimama kila penye nyumba tatu. Gati lilivunjwa na dhoruba, zimebaki nguzo tu zimesimama majini, na ndege wamezifanya choo. Sinema imekuwa ukumbi wa bingo. Bendi ya wazee ingali inapiga Jumapili mchana kule bustanini, na mpiga tarumbeta bado huchelewa kuingia kama zamani, ila sasa anachelewa zaidi kwa sababu hasikii.

Watoto watapenda punda. Wanawazungusha ufukweni bado, kila punda na jina lake kwenye hatamu, na yule wa mwisho huuma. Kuna mashua ya kwenda kuwaona sili, wale wanyama wanene wa baharini, wanaojianika kwenye fungu la mchanga kama magunia yaliyolowa. Kuna ukuta wa bandari ambapo mtoto mwenye kamba na kipande cha nyama ya nguruwe anaweza kuvua kaa asubuhi nzima na kuwarudisha majini wote jioni. Bwawa la maji ya chumvi lipo, na baridi yake ile ile. Wewe ulilia ndani yake, nakumbuka. Samaki na chipsi nunueni kwa Garbutt, si kwa yule wa pembeni ya kanisa, mafuta yake yana umri mkubwa kuliko sisi.

Kisha kuna konokono wa mawe, wale wa kale waliogeuka jiwe ndani ya udongo. Ulikuwa nao mkebe mzima ulipokuwa msichana, ukawaacha chini ya kitanda, na Mama akajikwaa nao. Bado wanapatikana, palepale chini ya genge, ule ukuta mrefu wa udongo mwekundu unaouinamia ufukwe upande wa kaskazini. Hilo, dada, usiwaahidi watoto. Ukiwa umeshawaahidi, waambie bibi Edna amekataa.

Nilikuandikia mistari michache tu baada ya mazishi. Nilisema mume wangu amefariki kwa ajali ufukweni, nikaishia hapo. Sikuwa na nguvu ya zaidi. Sasa mnakuja, na mji huu mdogo utawaambia wenyewe kabla hamjafungua mabegi, tena kila mtu kwa namna yake. Afadhali usikie kwangu.

Unamkumbuka Clem wangu. Alikodisha viti vya turubai ufukweni miaka yake yote, na mimi nina kibanda changu cha chai pale ngazi zinapoishia, hivyo tulikuwa tukionana kutwa nzima na kugombana kwa ishara za mikono. Hakuwahi kukalia kiti chake hata kimoja. Alisema viti ni vya waliolipa, yeye akakaa juu ya ndoo aliyoifudikiza.

Pale chini ya ngazi palikuwa na bango. Baraza la mji lililisimamisha kwa sababu Clem aliwasumbua mpaka wakachoka, baada ya kipande cha genge kuanguka msimu mmoja wa baridi. Lilikuwa bango la mbao, jeupe, maneno mekundu: HATARI, GENGE HUPOROMOKA, USIPITE HAPA. Si zuri la kutazama, lakini lilisomeka toka mbali, na watu wakalitii.

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, bango likaondoka. Leonard ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kushughulikia wageni. Clem na Leonard walikuwa wanyumba, wameoa dada wawili, na walikuwa wakitaniana bila kuoneana haya, lakini Jumapili ile mezani kwetu utani ulikuwa na mfupa ndani.

"Mgeni akishuka ngazi," Leonard alisema, "kitu cha kwanza kusoma ni HATARI. Wewe mwenyewe ungebaki?"

"Ningebaki. Mbali na genge."

"Clem, watu wametoka Leeds na watoto wao, wamesubiri mwaka mzima, halafu sisi tunawapokea na habari za kifo!"

"Lirudishe, Leonard."

"Litarudi. Tunalipaka rangi upya, limechakaa."

"Rangi hukauka siku moja."

"Mwanyumba, wewe angalia viti vyako. Kamati niachie mimi."

Nora akawasukumia mchuzi. "Kuleni kwanza," akasema, "mtagombana mkishiba." Tukacheka sote. Nakuambia tulicheka, Beryl, na ile nyama ilikuwa tamu.

Bango halikurudi. Clem akawa bango yeye mwenyewe. Kila alipomwona mtu anaelekea kaskazini na nyundo au kindoo, aliacha viti akamfuata na goti lake lile bovu. Kila alipokutana na Leonard alimwuliza, na kila mara jibu lilikuwa ni rangi. Ikawa mchezo wa mji. Vijana wa kwa Garbutt wakimwona anapita walikuwa wakipiga kelele, "Mzee Clem, imekauka leo?" Naye aliwajibu, "Leo bado, labda kesho, wanasubiri jua la Afrika." Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka.

Mwezi wa nane ilinyesha sana kwa siku kadhaa, kisha jua likatoka kali na watu wakamiminika ufukweni kama walioachiliwa kifungoni. Ilikuwa mchana, maji yamekupwa mbali. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Nikamwona bwana mmoja na binti yake, mtoto wa miaka kama tisa hivi, wako chini kabisa ya genge. Bwana anagonga udongo kwa nyundo, mtoto ameshika kindoo. Clem naye aliwaona. Akaacha familia nzima imesimama inasubiri viti, akaenda.

Hawakuwa mbali nami, na upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Nilisikia kila neno.

"Bwana! Mtoe mtoto hapo."

"Tunamaliza sasa hivi, mzee."

"Hakuna kumaliza. Toka."

Yule bwana akacheka, wala si kwa ubaya. "Mzee wangu, nimesoma kila tangazo toka juu mpaka hapa. Tumekatazwa mbwa, tumekatazwa mpira, tumekatazwa kulisha ndege. Genge hatujakatazwa. Pangekuwa na hatari si wangeandika?"

"Nakuandikia mimi. Toka!"

Nikaona Clem ametazama juu. Udongo kidogo ulikuwa unatiririka, kidogo tu, kama unga unavyotoka kwenye mfuko uliotoboka. Akamshika mtoto mkono akamrusha kuelekea baharini kama mtu anavyorusha gunia, akageuka akampiga yule bwana kifua kwa mikono yote miwili. Bwana akaanguka kinyumenyume kwenye mchanga. Kisha genge likaja. Halikutoa ngurumo niliyokuwa nikiidhania maisha yangu yote. Lilitoa sauti ya lori linalomwaga kokoto, halafu kimya. Mtoto ndiye aliyeanza kupiga kelele. Mimi sikupiga. Nilikuwa bado nimeshika kikombe.

Watu walikuja mbio kutoka kila upande. Walichimba kwa majembe ya waokoaji, kwa masepetu, kwa vijembe vya watoto vya plastiki. Leonard alishuka na suti yake na viatu vya hotelini, akapiga magoti, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Hilo nalisema kwa haki yake. Yule bwana pia alichimba, huku analia na kuita, "Mzee! Mzee!" kwa sababu hakujua jina.

Tatizo lilikuwa maji. Ilikuwa siku za bamvua, na unajua bahari yetu inavyorudi siku hizo, haitembei, inakimbia. Udongo ulikuwa mzito kama saruji, na kila walichotoa, juu kulishuka kingine. Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu ya wachimbaji, mkuu wa waokoaji akanijia, kofia mkononi.

"Mama Sugden, maji yamefika."

"Chimbeni," nikamwambia.

"Mama, nikiwaacha vijana wangu hapa nitawazika na wao."

"Chimbeni!"

Nora alinishika kiunoni kwa nyuma, akanipandisha ngazi kinguvu, mimi nampiga viwiko na yeye haniachii. Tukasimama katikati ya ngazi. Waliondoka mmoja mmoja, Leonard wa mwisho, walimvuta. Nikasimama pale nikaitazama bahari inapanda juu ya mume wangu. Jua lilikuwa bado linawaka vizuri sana.

Asubuhi maji yalipokupwa yalikuwa yamesomba nusu ya ule udongo, na Clem alikuwepo, amejikunja ubavu, mkono mmoja juu ya kichwa. Daktari alisema alikufa papo hapo, maji hayakumkuta hai. Alilisema hilo akinitazama usoni, nami nataka kumwamini. Siku nyingine naweza.

Mazishini Leonard alibeba jeneza. Baada ya mazishi, watu wakila sandwichi sebuleni, nilimkuta jikoni peke yake.

"Leonard, bango liko wapi?"

"Edna, tafadhali. Si leo."

Nikamwacha. Nilidhani mtu mwenyewe anajua, na kwamba siku ya kulisema atalisema bila kuulizwa.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa kumi. Kikao cha kuchunguza kifo kilifanyika ukumbi wa maktaba, viti vimejaa mpaka mlangoni. Yule bwana, jina lake Dunstan, alieleza yote bila kujitetea. Alisema mzee alimwonya na yeye akacheka. Akaitwa Leonard. Hakimu wa uchunguzi, mtu mpole mwenye mafua, akamwuliza kama ni kweli palikuwa na bango la onyo, na siku ile lilikuwa wapi.

"Lilikuwa kwenye matengenezo, mheshimiwa," Leonard akasema. "Lilipakwa rangi. Mwaka huu mvua zilizidi, rangi ilikataa kukauka. Tulikusudia kulirudisha wiki ile ile."

Alilisema vizuri, Beryl. Hata mimi kwa dakika moja nilikaribia kuamini. Ndipo nikasikia kiti kinasogezwa kando yangu. Nora amesimama. Hakuitwa na mtu.

"Leonard," akasema, kama vile wako nyumbani na amesahau kuzima jiko, "bango liko kwenye banda letu la baiskeli. Limekauka tangu Pasaka. Nimeotesha miche ya nyanya juu yake."

Hakimu akamwambia, "Mama, kaa chini, utaitwa ukihitajika."

"Nitakaa," Nora akasema. "Lakini nyanya zimeshakua, tumeshazila. Wewe, Leonard, ulizila pia."

Leonard akasema polepole kwamba ndiyo, lilikauka, ndiyo, wajumbe waliliona halina sura nzuri, ndiyo, yeye ndiye aliyesema liachwe mpaka msimu uishe. Dunstan aliinama akaweka kichwa magotini.

Nje, kwenye vidato vya maktaba, Leonard alimsubiri mkewe. Alikuwa mweupe kama karatasi.

"Umeniua, Nora."

"Hapana, Leonard," Nora akamjibu. "Aliyekufa ni Clem."

Jioni hiyo alibisha mlangoni kwangu na begi moja na kile chungu chake cha maua. Hakuniomba, wala sikumwuliza. Nikamtandikia chumba cha nyuma. Ndiyo maana barua zake zinatoka hapa.

Uamuzi ulitoka kuwa kifo cha bahati mbaya. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyetozwa chochote. Baraza liliomba radhi kwa maneno ambayo ungedhani yameandikwa kwa ajili ya kuchelewa kwa basi. Leonard alijiuzulu kamati, na baraza likasimamisha bango jipya la chuma.

Ungetegemea mji utuonee huruma, na mwanzoni ulituonea. Kisha magazeti ya Leeds na Hull yakaandika, picha ya genge ukurasa wa mbele, na wageni wakaanza kufuta safari zao. Hapo huruma ikageuka. Nilikuwa kwenye foleni kwa Garbutt, mwanamke mmoja ninayemjua tangu shule akamwambia mwenzake kwa sauti ya kunifikia, "Marehemu Mungu amrehemu, lakini sisi tulio hai tutakula nini? Mtu na mume wake si wangemalizana chumbani? Lazima kuanikana mbele ya magazeti?" Kwa maneno hayo alikuwa akimpiga Nora kupitia mgongo wangu. Nilinunua samaki wangu nikaondoka. Nora sasa haendi kanisani. Anasema Mungu anamvumilia, ila viti vya nyuma vinanong'ona mno.

Baridi ile ilikuwa ndefu. Sisi wawili tulikaa hapa jikoni, yeye na mume aliye hai asiyetaka kumwona, mimi na wangu niliyetaka kumwona hata dakika moja. Kuna jioni nilimchukia kwa hilo. Mimi niliyemwonea uchungu mchana, jioni nikimsikia anapiga chafya chumbani nilikuwa nikisema moyoni: wako yupo, mtaa wa pili tu, anapumua. Sikumwambia. Nadhani alijua, maana asubuhi alikuwa akinitengenezea chai kabla sijaamka.

Pasaka hii Dunstan alikuja na binti yake. Sikuwategemea. Alinunua chai kibandani, akasimama nayo mpaka ikawa baridi, anaanza kuniambia jambo, analikatiza. Nami sikumsaidia, sikuweza. Mtoto, anaitwa Tessa, ndiye aliyeniuliza, "Kiti chake yeye kilikuwa kipi?" Nikamwonyesha ndoo. Ipo bado, pembeni ya kibanda. Akaenda akaikalia, mikono magotini, akaitazama bahari muda mrefu kuliko mtoto anavyoweza kutulia. Baba yake alipomwita aliinuka, akaiweka ndoo vilevile ilivyokuwa. Nilifunga kibanda mapema siku ile.

Sasa Leonard. Tangu kabla ya Pasaka, maji yanapokupwa tu, Leonard hushuka ngazi akiwa amevaa koti la mvua, akaenda kusimama karibu na lile bango la chuma mpaka bahari irudi. Mji unasema amechanganyikiwa. Kusema kweli bango peke yake halitoshi. Watu hulisoma, wakacheka, wakapita. Yeye huwafuata. Huwaambia warudi, wengine humtukana, yeye husimama mbele yao na kurudia. Hawaambii yeye ni nani wala kwa nini. Watoto wa mji wamempachika jina, Babu Bango, na humwimbia wakiwa juu ya ngazi. Hoteli ameifunga nusu. Amekonda, ndevu hanyoi. Kibandani kwangu hakuwahi kuja, hupita akitazama mchanga. Nora, ambaye sasa hunisaidia kibandani, akimwona huosha kitu, chochote kilicho karibu.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na manyunyu. Familia moja ilitaka kupita na vikapu vyao vya chakula, nikaona mikono inarushwa, nikasikia mwanamume anamwita kichaa na kusema kwamba atamwitia polisi. Leonard alitandaza mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Wakakata tamaa, wakarudi wakinung'unika, wakaja kwangu kunywa chai na kunilalamikia kuhusu "mzee wenu huyu." Baba mtu alikuwa anatia sukari genge lilipoanguka. Si kubwa kama lile, lakini sauti ile ile. Sukari ikamwagika mezani. Yule mama akawakusanya watoto wake kifuani.

Leonard akaja kibandani. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Watu walimpisha. Nora aliweka kitambaa chini akaenda nyuma ya kibanda.

"Edna," akasema, "limeanguka tena. Hakuna mtu chini. Nimetazama kote, hakuna mtu."

"Nimeona."

Akashika ukingo wa meza. "Edna, nisamehe. Nisamehe, dada yangu, nisamehe."

Beryl, nilitafuta. Mungu ni shahidi yangu, nilitafuta ndani yangu kila mahali, kama mtu anavyotafuta kitu anachojua alikiweka, nisikione. Nikammiminia chai. Nikatia maziwa na sukari mbili, maana najua anavyokunywa, miaka yote hiyo mezani kwangu. Nikamsogezea.

"Kunywa," nikamwambia, "halafu urudi kule chini, Leonard. Maji bado yako mbali, na watu wanashuka."

Alikunywa amesimama, yote, kwa mikono miwili. Akafuta mdomo kwa kiwiko cha koti lenye tope, akarudi kule chini. Nora akatoka nyuma, akakichukua kile kikombe akakiosha, akakikausha, akakiosha tena.

Basi, dada, mtafikia kwetu, si hotelini. Chumba cha juu kina vitanda viwili na tutaazima cha tatu. Ngazi ni chache, utapanda kwa makalio kama hutaki daktari ajue. Leteni sweta, usidanganywe na neno "kiangazi." Na mkishuka ufukweni, mzee mwenye koti akiwaambia geukeni, geukeni palepale, msibishane naye. Kumwambia wewe ni nani au kutomwambia, hilo utaamua mwenyewe ukimwona. Nora anasema niandike kwamba yeye hana maoni, lakini ameacha kumenya viazi ili aone nitaliandikaje.

Tusalimie Colin na mkewe Janice, wabusu wajukuu kwa ajili yetu, na jirani yako Bi Trewin aliyetutumia ile jamu nzuri. Binamu Hester anakusalimu. Masikio yamekwisha lakini kicheko kipo. Nora anakusalimu kwa mkono wake mwenyewe hapo chini, karatasi ikitosha. Mungu awavushe bahari zote hizo salama, na atuweke sisi wazima mpaka tuwaone mkishuka kwenye basi.

Ni mimi ndugu yako, ninayekuhesabu kila siku miongoni mwa walionibakia,

Edna Sugden